Uzi: Redio inavuruga mpangilio wa nyimbo, kusinki kunarudia kila kitu. Programu ipi ya bure inafaa?

#1 Kirumba_Sauti
Habari wakuu. Nina nyimbo kama GB 40 kwenye laptopu yenye Windows 10 na Linux Mint. Kutoka hapo nazihamishia kwenye flashi ya GB 32 ya redio ya gari, memori kadi ya simu, na vichezesha muziki viwili, Sansa Clip+ na iPod Classic. Natafuta programu ya bure kweli, isiyoleta matangazo wala kudai malipo baada ya mwezi, ya kupanga maktaba na kuisinki (kuioanisha) na vifaa vyote hivyo.

Dai langu ni kwamba programu za kusinki ndizo zinazovuruga. Kwenye kompyuta albamu imenyooka 01 hadi 14. Kwenye redio inaanza 07, inafuata 02. Simu nikiichomeka kwa waya, programu inarudia kunakili nyimbo ambazo tayari zimo. Na majina ya waimbaji wa Kisukuma yanatokea na viboksi kwenye kioo cha redio. Wajuzi mnaonaje: ni programu, ni vifaa, au ni faili zenyewe?

#2 dagaa_mkavu
Windows weka MusicBee, Linux weka Strawberry. Zote hazina malipo. Kazi imeisha.

#3 Igoma_Linux
#2 umetaja programu, mwenzio kauliza sababu.

Redio nyingi za gari na sabufa hazipangi nyimbo kwa herufi, wala kwa namba ya wimbo iliyo kwenye tegi (taarifa za wimbo zilizo ndani ya faili). Zinasoma orodha ya folda ya FAT32 (mfumo wa faili wa flashi) jinsi ilivyoandikwa, na iliandikwa kwa kufuata faili ipi ilitangulia kuingia. Ukifuta wimbo mmoja kisha ukaongeza mwingine, mpya unaweza kukaa kwenye nafasi iliyoachwa na wa zamani, katikati ya albamu nyingine kabisa. Kompyuta haikuonyeshi hilo kwa sababu yenyewe inapanga majina kabla ya kukuletea.

Dawa ni fatsort, programu ya kupanga upya orodha hiyo. Kwenye Mint:

sudo apt install fatsort
lsblk
sudo umount /dev/sdb1
sudo fatsort -l /dev/sdb1
sudo fatsort -n /dev/sdb1

lsblk ni ya kukuonyesha flashi ni ipi. Hapa nimechukulia sdb1, kwako inaweza kuwa sdc1, na ukikosea herufi hiyo unagusa diski nyingine. Amri yenye -l inaonyesha tu mpangilio uliopo, haibadilishi kitu. Yenye -n inapanga kwa namba zinavyohesabiwa, yaani 2 kabla ya 10. Lazima flashi iwe imeshushwa kwa umount kwanza. Kwa Windows kuna DriveSort, kazi ni ileile.

#4 BintiBwiru
Kaka Igoma, hiyo ni sababu moja, na si redio zote ziko hivyo. Zipo zinazopanga kwa jina la faili, herufi kwa herufi, na hapo "10" inatangulia "2". Zipo zinazofuata namba ya wimbo kwenye tegi. Kirumba, kabla hujagusa fatsort fanya kipimo hiki: fomati flashi, nakili nyimbo tatu moja moja, ya kwanza iite c, ya pili a, ya tatu b. Ndani ya tegi zipe namba 2, 3 na 1 kwa mfuatano huohuo.

Ikicheza c, a, b, redio inafuata FAT. Ikicheza a, b, c, inafuata majina, na fatsort haitakusaidia chochote. Utaandika 01, 02, 03 mwanzoni mwa kila jina. Ikianza b, kisha c, kisha a, inasoma tegi.

#5 FundiNyegezi
Kipimo cha #4 kizuri. Ila hakikisha kwanza kitufe cha RDM (kucheza bila mpangilio) kimezimwa. Redio nyingine inakumbuka RDM hata ukizima gari, na mtu analaumu flashi bure.

Halafu tazama flashi imefomatiwa vipi. Redio nyingi hazisomi NTFS wala exFAT, zinataka FAT32, na nyingine zinakataa diski iliyogawanywa kwa GPT, zinataka MBR. Flashi ya GB 64 mpya mara nyingi inakuja na exFAT. Windows 10 yenyewe haikupi chaguo la FAT32 ikizidi GB 32. Tumia Rufus, au kwenye Linux mkfs.vfat -F 32.

#6 Kirumba_Sauti
Ahsanteni. Kipimo kimetoa c, a, b. Lakini folda zenyewe redio inazifungua kwa alfabeti. Sasa inafuata FAT au inafuata majina?

#7 Igoma_Linux
FAT. Folda zako zilinakiliwa kwa alfabeti, ndiyo maana zinaonekana zimenyooka. Nyimbo ndani yake ndizo ulizozigusa baadaye.

#8 BintiBwiru
Au redio inapanga folda yenyewe na kuziacha nyimbo zilivyo. Hilo kipimo cha nyimbo tatu hakiwezi kulionyesha. Unda folda Z kwanza, kisha M, kisha A, weka wimbo mmoja mmoja, usikie inaanza na ipi.

#9 JiweLaBismarck
Mimi nakuja kwenye la pili, nyimbo kurudiwa kunakiliwa.

Simu ya Android ukiichomeka kwa waya haionekani kama diski. Inaongea kwa MTP, utaratibu wa kuhamisha faili, na kwa njia hiyo tarehe ya faili mara nyingi haihifadhiwi: wimbo wa mwaka jana ukifika kwenye simu unapewa tarehe ya leo. Programu inayolinganisha tarehe ikirudi kesho inaona faili mbili tofauti, inanakili upya. Keshokutwa tena.

FreeFileSync inafika kwenye simu kwa MTP ukiwa Windows, na ni ya bure. Ndani yake chagua kulinganisha kwa ukubwa wa faili, acha tarehe. Marudio yataisha.

#10 Sengerema4
Jiwe, hiyo dawa ina shimo. Ukisahihisha tegi kwa programu kama Mp3tag au Kid3, ukubwa wa faili mara nyingi haubadiliki hata baiti moja, kwa sababu mwanzoni mwa MP3 huachwa nafasi tupu ya tegi kukua. Herufi zinaingia kwenye nafasi hiyo. Kwa hiyo ukilinganisha kwa ukubwa tu, programu inasema vyote viko sawa, na simu inabaki na jina la zamani. Na Kirumba ana majina ya waimbaji ya kusahihisha.

Kibaya zaidi, Mp3tag ina chaguo la kutunza tarehe ya zamani ya faili wakati wa kuandika tegi. Likiwa limewashwa, hata ukilinganisha tarehe na ukubwa pamoja bado hakuna kitakachoonekana kubadilika. Lizime.

Njia safi: toa memori kadi kwenye simu, iweke kwenye kisomea kadi, uisinki kama diski ya kawaida. MTP haihusiki tena.

#11 dagaa_mkavu
Na mwenye simu isiyo na tundu la kadi?

#12 Nansio_Leo
#11, programu ya Syncthing. Haitumii bando. Laptopu na simu zikiwa kwenye Wi-Fi moja zinaongea zenyewe kwa zenyewe, hata kama hiyo Wi-Fi haina intaneti. Huku Ukerewe inafaa sana: washa hotspoti ya simu, zima data, unganisha laptopu, nyimbo zinapita.

Mambo ya kuangalia ni haya. Programu rasmi ya Syncthing ya Android ilisimamishwa Desemba 2024. Inayoendelezwa ni Syncthing-Fork. Upande wa laptopu folda iwe ya kutuma tu, upande wa simu iwe ya kupokea tu, la sivyo wimbo ukiufuta kwenye simu unafutika na kwenye laptopu. Na kama simu ndiyo inayotoa hotspoti, ingia kwenye masharti ya kuendesha programu uondoe lile la Wi-Fi pekee. Simu inayotoa hotspoti haijihesabu kuwa iko kwenye Wi-Fi, kwa hiyo Syncthing inakaa kimya na hujui kwa nini.

Ikigoma kuonana, angalia ukuta wa moto wa laptopu: mlango 22000 ni wa kusinki, na 21027 wa UDP ni wa kutafutana.

#13 Sengerema4
Naongeza kwa #12: Syncthing haidanganywi na ukubwa. Tarehe au ukubwa ukibadilika inakagua faili kwa vipande na kutuma vipande vilivyobadilika tu. Ukisahihisha herufi mbili kwenye tegi, kinachopita ni kipande cha mwanzo. Lakini ukiongeza picha ya jalada na nafasi ya tegi isitoshe, data yote inasogezwa mbele, vipande vyote vinahesabika vipya, wimbo mzima unatumwa. Kwa hiyo weka picha za majalada mara moja, kabla ya kusinki.

#14 Igoma_Linux
Mnasahau kuna nyimbo zinazorudiwa kwa sababu ya majina yake. FAT32 haikubali herufi hizi kwenye jina la faili: ? : * " < > |

Linux inazikubali. Una wimbo unaitwa "Uko wapi?.mp3" kwenye Mint, programu inaupeleka kwenye flashi ikiugeuza kuwa "Uko wapi_.mp3". Safari ijayo inatafuta wenye alama ya kuuliza, haiuoni, inanakili tena. rsync, amri ya kunakili ya Linux, yenyewe haigeuzi, inakataa kwa kosa la "Invalid argument". Wapate kabla hawajakusumbua:

find ~/Muziki -name '*[?:*"<>|]*'

Kisha badilisha majina kwenye maktaba yenyewe. Picard, programu ya kutambua nyimbo na kujaza tegi, ina chaguo la kutoa majina yanayokubalika na Windows. Liache limewashwa hata kama unatumia Linux.

Baada ya hapo rsync inatosha kabisa kwa flashi:

rsync -rtvn --modify-window=1 --delete ~/Muziki/ /media/jina/MUZIKI/

Herufi n ni ya majaribio, inaonyesha itakachofanya bila kukifanya. Ukiridhika iondoe. modify-window inahitajika kwa kuwa FAT inahifadhi muda wa faili kwa hatua za sekunde 2. Usitumie -a, inajaribu kuweka wamiliki na ruhusa ambazo FAT haina. Na ule mkwaju (/) wa mwisho baada ya Muziki usiuache: ukiuondoa, rsync inaunda folda ya Muziki ndani ya flashi, na kila wimbo unakuwepo mara mbili.

#15 dagaa_mkavu
Igoma wewe mtu akikuuliza njia ya kwenda Buzuruga utamwandikia amri. Mleta uzi kaomba programu yenye vitufe.

#16 Igoma_Linux
Vitufe vipo, Grsync. Inatumia rsync ileile.

#17 JiweLaBismarck
Kuna saa pia. FAT inaandika saa za mahali ulipo. Kirumba ana Windows na Linux kwenye laptopu moja, na flashi ileile inaguswa na zote mbili. Mfumo mmoja ukizisoma saa hizo kama za Afrika Mashariki na mwingine ukizisoma kama UTC (saa ya dunia), kila faili inaonekana imepishana saa 3 kamili. Kwenye FreeFileSync fungua mipangilio ya kulinganisha, sehemu ya kupuuza tofauti ya muda, andika 3:00. Kama marudio yatakoma, basi chanzo ni hicho, si alama za kuuliza za Igoma.

#18 Igoma_Linux
Kama ni saa, nyimbo ZOTE zingerudiwa. Asome vizuri orodha: ni zote au baadhi?

#19 Kirumba_Sauti
Kwenye simu ni karibu zote. Kwenye flashi ni baadhi, lakini si zote zenye alama ya kuuliza. Nyingine majina yake ni ya kawaida kabisa.

#20 Sengerema4
Hizo za kawaida angalia herufi kubwa na ndogo. Linux inaona "Bagalu" na "bagalu" kuwa folda mbili, FAT32 inaziona moja. Zikiwa na wimbo wenye jina moja, mmoja unamfunika mwenzake, na kila ukisinki wanafunikana tena. Ukitumia --delete ndiyo vurugu zaidi.

#21 FundiNyegezi
Viboksi vya majina havijaguswa. Tegi za MP3 zina matoleo. ID3v2.4 inaandika kwa UTF-8, na redio nyingi za zamani haziisomi kabisa: utaona jina la faili, au "Unknown". ID3v2.3 ndiyo inayosomwa na vifaa vingi zaidi. ID3v1 inasomwa karibu kila mahali ila inakata jina likifika herufi 30.

Kwenye Mp3tag nenda mipangilio ya tegi za Mpeg, chagua kuandika ID3v2.3 UTF-16, na ID3v1 iwe inaandikwa pia. Kisha chagua nyimbo zote, Ctrl+A, Ctrl+S, zinaandikwa upya. Kid3 kwenye Linux ina amri ya kugeuza kwenda 2.3. Mnaogeuza M4A kuwa MP3 kwa ffmpeg mfahamu kwamba isipoambiwa inaandika 2.4, kwa hiyo:

ffmpeg -i wimbo.m4a -vn -c:a libmp3lame -q:a 2 -id3v2_version 3 -write_id3v1 1 wimbo.mp3

Hiyo -q:a 2 inatoa wastani wa kama kbps 190, ubora mzuri kwa gari. -vn inaacha picha nje.

#22 NgomaYaBujora
Fundi yuko sahihi kwa matoleo, lakini kwa nyimbo za Kisukuma chanzo kingine ni ile alama ya ng'. Kuna alama iliyosimama wima, ' na kuna iliyopinda, ’. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili. Iliyopinda haimo kwenye seti ya herufi za Latini ya zamani inayotumiwa na redio nyingi, kwa hiyo panatokea kiboksi, hata ukiwa na 2.3. Halafu kwenye maktaba mwimbaji mmoja anagawanyika: Ng'wana huku, Ng’wana kule, kila mmoja na nusu ya nyimbo zake.

Simu ndizo zinazoingiza iliyopinda zenyewe unapoandika. MusicBrainz, hifadhidata ya mtandaoni ambako Picard inachukua majina, nao wanapendelea iliyopinda, hivyo Picard ikikuletea majina inaingia. Kwenye Picard, mipangilio ya Metadata, washa kipengele cha kugeuza alama za Unicode kuwa ASCII. Kwa zilizokwisha kuingia, Mp3tag: tengeneza kitendo cha Replace kwenye _ALL, ’ iwe ', pitisha kwenye maktaba nzima.

#23 BintiBwiru
Wabeja sana #22, hilo la alama mbili halitajwi popote.

Swali: Picard inazitambua ngoma za kwetu? Nyimbo zangu nyingi inazirudisha bila jibu.

#24 NgomaYaBujora
Chache sana, dada. Picard inapima sauti yenyewe na kuuliza AcoustID, hifadhidata ya alama za sauti. Wimbo ambao hakuna aliyewahi kuuingiza hauwezi kujibiwa. Nyimbo za manju zilizorekodiwa studio ndogo na kusambazwa kwa memori kadi ndizo zinazokosekana zaidi, na ndizo zenye tegi mbovu: kwenye nafasi ya mwimbaji utakuta jina la aliyeuza nyimbo na namba yake ya simu.

Hapo tumia jina la faili. Liandike kwanza kwa utaratibu mmoja, Mwimbaji - Wimbo, kisha Mp3tag, Alt+2, mchoro %artist% - %title%. Tegi zinajazwa zote kwa mara moja. Kid3 ina kazi hiyohiyo. Kwenye nafasi ya aina ya muziki mimi naandika Bagika au Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma. Ukitafuta kwenye Rockbox au MusicBee zinajitenga zenyewe. Namba ya mwaka acha wazi kama huna uhakika nayo, kuliko kubuni.

Na tafadhali, mnaojua majina sahihi yaingizeni MusicBrainz. Akaunti ni bure. Wimbo ukishaingia na alama yake ya sauti, mtu wa Kahama au Bariadi akiuscan anapata jina la kweli la manju.

#25 dagaa_mkavu
Hili la #24 naliunga mkono moja kwa moja.

#26 FundiNyegezi
Kabla mtu hajapanga tegi usiku kucha, kadi yenyewe ipimwe. Zipo kadi za bei ya chini zimeandikwa GB 64 na ndani ni 8. Zinapokea nyimbo zote bila kulalamika, ila zilizoingia baada ya ile 8 ya kweli zinatoka kimya, zinakwaruza, au folda inaonyesha majina ya ajabu. Mwenye kadi anadhani programu ya kusinki imeharibu.

Windows: H2testw, inajaza kadi yote na kuisoma tena. Linux: f3write kisha f3read, ukizielekeza kwenye kadi iliyopandishwa. Kadi iwe tupu. GB 64 kwenye kisomea cha USB 2 inachukua saa kadhaa, na umeme wa laptopu uwe wa uhakika.

#27 Sengerema4
Na flashi inayozunguka kwenye vibanda vya kuwekea nyimbo ikirudi na "shortcut" badala ya folda, usibofye. Nyimbo zimefichwa tu. Kwenye Windows, kama flashi ni F:, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kisha futa zile shortcut na faili usizozijua, upige antivirasi. Ukiwa Linux utaziona nyimbo zako bila amri yoyote; zitoe, fomati flashi.

#28 Kirumba_Sauti
Kadi nimepima, ni nzima. Folda za Z, M, A: redio imeanza na A. Kwa hiyo folda inapanga yenyewe, nyimbo haipangi?

#29 BintiBwiru
Inaelekea hivyo. Basi fatsort kwa nyimbo, na majina ya folda uyapange kwa namba.

#30 Igoma_Linux
Subiri. Ulifomati flashi kwanza, au uliunda folda tu juu ya zilizokuwepo? Kama A iliingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi juu, bado ni FAT. Leta matokeo ya fatsort -l hapa.

#31 Nansio_Leo
Wakati hilo linasubiri: Sansa Clip+ na iPod Classic zote zinakubali Rockbox. Ni mfumo huru ulioanza 2001, unawekwa kwa Rockbox Utility, na unaacha folda ya .rockbox kwenye kifaa. Ukishaweka, iPod haihitaji tena hifadhidata ya Apple. Unaburuta folda kama kwenye flashi, rsync inafanya kazi, na nyimbo zinabaki na majina yake.

Rockbox haisomi exFAT, kwa hiyo kadi ya GB 64 ya Clip+ ifomatiwe FAT32. Picha za majalada ziwe JPEG ya kawaida. Zile za aina ya progressive haizionyeshi. Baada ya kusinki ingia kwenye Database uisasishe, la sivyo nyimbo mpya utaziona kwenye folda tu. Clip+ kwenye mfumo wake wa awali, weka USB mode iwe MSC badala ya MTP kabla ya kuichomeka.

#32 JiweLaBismarck
iPod Classic haihitaji Rockbox. Rhythmbox na Strawberry zinaandika hifadhidata ya iPod kupitia kijenzi kiitwacho libgpod. Classic ina hesabu ya ukaguzi inayotegemea namba ya kifaa, kwa hiyo mara ya kwanza endesha:

sudo ipod-read-sysinfo-extended /dev/sdb /media/jina/IPOD

Bila hivyo unanakili nyimbo, nafasi inaliwa, iPod inasema haina wimbo hata mmoja. Na iPod iwe imefomatiwa kwa Windows. Ya Mac ina mfumo wa faili wa HFS+ wenye jono (journal), Linux inaisoma tu, haiandiki.

#33 Nansio_Leo
Na ikichomolewa kabla ya hifadhidata kumaliza kuandikwa, orodha yote inapotea wakati nyimbo bado zimo kwenye F00, F01 zikiwa na majina yasiyoeleweka. Rockbox haina hatari hiyo. Ndiyo sababu naipendekeza.

#34 JiweLaBismarck
Ukichomoa ovyo hata FAT inaharibika. Eject ipo kwa ajili hiyo.

#35 BintiBwiru
Kirumba, kama Rhythmbox haiioni flashi kuwa kifaa cha muziki, weka juu kabisa ya flashi faili tupu inayoitwa .is_audio_player. Ukitaka ijue folda, andika ndani yake audio_folders=Muziki/ na output_formats=audio/mpeg, basi FLAC inageuzwa MP3 yenyewe wakati wa kunakili. Kwa hesabu ya nafasi: wimbo wa dakika 4 kwa kbps 128 ni kama MB 3.8, kwa 320 ni MB 9.6. Flashi ya GB 32 inabeba kama 3,300 za 320.

Kuhusu #2, MusicBee ni ya bure lakini msimbo wake umefungwa. Strawberry, Rhythmbox, Kid3, Picard na Rockbox msimbo wake uko wazi.

#36 Sengerema4
Mpaka sasa hakuna aliyegusa sauti. Wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unapasua spika. ReplayGain, njia ya kusawazisha sauti, inaandika tegi tu, redio ya gari haiitazami. MP3Gain inabadilisha kiwango ndani ya MP3 yenyewe bila kuigeuza upya, kwa hatua za dB 1.5, na inaweza kurudishwa kwa -u:

mp3gain -r -k *.mp3

Lengo lake la kawaida ni dB 89.

#37 dagaa_mkavu
89 ni ndogo kwa daladala. Barabara ya Igoma injini inazidi muziki. Ongeza -d 3 ifike 92.

#38 FundiNyegezi
Ongeza kwenye ampu, si kwenye faili. Ukifika 92 nyimbo nyingi zinagonga dari, na ile -k ya #36 itazirudisha chini moja moja, hivyo unapoteza usawa uliokuwa unautafuta. Baki 89. Na kwa albamu za ngoma ambazo nyimbo zinaungana tumia -a badala ya -r, ili tofauti ya sauti ndani ya albamu isiguswe.

#39 Sengerema4
Na ufanye kabla ya kusinki. MP3Gain inaacha tegi ya APE mwishoni mwa faili, ukubwa unabadilika, kila kitu kitanakiliwa tena. Kama redio inakwama kwenye tegi hiyo, tumia -s i ziandikwe kwenye ID3 badala yake.